Kano ya kisigino na triathloni ya kufunga msimu: siku kwa siku

Jumamosi

Nimeamua, naingia. Watu wengi wamekuwa wakiniuliza kama nitashiriki triathloni ya kufunga msimu hapa Nairobi ama nitakaa kando nikipigia wengine makofi, na jibu ni naingia, ila si kwa ule umbali niliojiandikisha mwanzo wa mwaka. Nilikuwa nimejiweka kwa ule wa Olimpiki, kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40, kukimbia 10. Waandaaji wamekubali kunishusha hadi sprinti ambayo ni nusu ya hiyo, mita 750 kwa maji, kilomita 20 kwa baiskeli, 5 kwa miguu. Fizio wangu, yule mtaalamu wa tiba ya viungo, alisema kumi hapana, tano tutaongea, na jana tukaongea.

Kwa wenye hawajui hii stori, shida yangu ni kano ya Achilles mguu wa kulia, ile kamba nene inayotoka kwa shavu la mguu ikishuka hadi kisigino. Ilianza mwezi wa tano nikikimbia msitu wa Karura, kaumivu kadogo tu, wiki mbili baadaye nikishuka kitandani asubuhi lazima nishike ukuta. Haikukatika, namshukuru Mungu, ilikuwa imevimba katikati na ukipafinya hapo unaruka. Fizio alinionyesha kwa kidole, kutoka sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino, akaniambia hapo damu hufika kidogo kuliko sehemu zingine ndiyo maana pakiumia panachukua muda mrefu hivyo kupona.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kabisa: "Umewahi kumeza cipro hivi karibuni?" Cipro ni ile antibiotiki, ciprofloxacin, na nilikuwa nimemaliza dozi yake mwezi wa nne, taifodi. Na hapa Nairobi ni nani hajapewa cipro, tumbo ikisumbua ni cipro, mkojo ukichoma ni cipro. Basi nikajua siku hiyo kwamba dawa za ukoo huo, cipro na ndugu yake levofloxacin, zinaweza kudhoofisha kano, na kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliziwekea onyo kali kabisa mwaka 2008 kwa sababu ya kano kuvimba na hata kukatika, na ile ya Achilles ndiyo huguswa zaidi. Hakusema ndiyo chanzo changu, alisema tu ni kitu cha kuandikwa kwa faili, na siku nyingine nikipewa dawa nimwambie daktari mimi ni mtu wa kukimbia na kano yangu ina historia. Naandika hapa kwa sababu najua kuna mtu anasoma akiwa na hizo tembe kwa mkoba. Usizitupe, dawa ni dawa na taifodi inaua, lakini kisigino kikianza kuuma ukizimeza rudi kwa daktari upesi, usiseme ni uchovu.

Jioni nimefanya ngazi kama kawaida. Nitaeleza hiyo ngazi kesho, sai mikono imechoka, Desemba kwa saluni si mchezo, kila mtu anataka kusukwa kabla aende ocha, yaani kijijini.

Jumapili

Baiskeli ya mwisho ndefu. Tumetoka Roysambu saa kumi na mbili kasorobo, giza likianza kuisha, mimi na wawili wa kikundi chetu, tukapanda Thika Road hadi Juja na kurudi. Jumapili asubuhi hiyo barabara ni yetu, angalau hadi saa mbili hivi matatu zikianza kuamka. Githurai tu ndiyo hailali, pale hata saa kumi na mbili kuna mtu anavuka na mkokoteni wa kabeji.

Kitu imenisaidia zaidi kwa baiskeli ni fundi. Fizio alimwandikia karatasi, nikampelekea, akasongesha vile vyuma vya chini ya viatu vinavyoshika pedali virudi nyuma upande wa katikati ya wayo, na kiti akakishusha kidogo tu. Sababu ni hivi, ukikanyaga na ncha ya vidole shavu la mguu linafanya kazi ya ziada kila mzunguko kushikilia kisigino, na kano ndiyo inavutwa. Ukikanyaga karibu na katikati, paja linabeba. Siku za kwanza unahisi mguu si wako. Leo sikuuhisi kabisa hadi tukafika kile kipandio cha kutoka daraja la Ruiru, na hata hapo nilikaa kwa kiti, kisigino chini, gia nyepesi, nikapanda pole.

Tulipumzika Juja kwa chai na mayai, na jamaa yetu mmoja ambaye aliwahi kufanya mazoezi Kikuyu na vijana wa kocha wa baiskeli David Kinjah akaanza kutuambia vile Kinjah huwaambia mtu akianguka: tengeneza baiskeli kwanza, mguu unafuata. Tukaongea juu ya Chris Froome, yule mwendesha baiskeli. Mtu amezaliwa hapa Nairobi 1985, akafundishwa na Kinjah kwa hizi hizi milima, akashinda Tour de France mara nne, halafu Juni 2019 Ufaransa akagonga ukuta akavunjika paja, kiwiko na mbavu, na Februari 2020 akapanga laini tena kwa mbio za Emirati. Hakurudi kuwa yule wa kushinda, lakini alirudi akaendesha. Mimi hiyo sehemu ya pili ndiyo inanigusa. Kuna watu wanadhani kurudi bila kushinda ni kazi bure na sikubaliani nao hata kidogo.

Sasa ngazi. Unasimama kwa ukingo wa ngazi na sehemu ya mbele ya miguu, visigino vinaning'inia hewani. Unapanda juu ukitumia mguu mzima, ukifika juu unahamisha uzito wote kwa ule mgonjwa, halafu unashuka nao polepole, polepole kabisa, hadi kisigino kipite chini ya ukingo na uhisi shavu la mguu linavutika. Kupanda tena ni kwa ule mzima. Unafanya 15, unapumzika, 15, unapumzika, 15. Halafu unarudia tena zote goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu kuna msuli mwingine chini ya ule mkubwa ambao goti lililonyooka haliufikii vizuri. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Ilitoka Uswidi, daktari anaitwa Håkan Alfredson na wenzake waliichapisha 1998, na kitu ilishangaza watu ni kwamba hawakusema upumzishe kano, walisema uibebeshe. Uchungu kiasi unaruhusiwa. Ukiisha, unaongeza mzigo.

Mzigo wangu ni unga. Nina begi la mgongoni la zamani, ndani naweka pakiti za unga za kilo 2, nilianza na moja na sai begi limejaa hadi zipu inalalamika. Nafanyia kwa ngazi za ploti yetu hapa Zimmerman, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu kwa sababu hapo kuna kishikio kizuri, na mtoto wa jirani hutoka akakaa juu kidogo akinihesabia kwa sauti. Akifika kumi na mbili hurudi saba. Mama yake huita "Wewe, wacha anti afanye zoezi!" na mimi humwambia mwache mama, ananisaidia, na ni ukweli, wiki zingine ni yeye tu alinitoa nje.

Jumatatu

Asubuhi ndiyo hutoa majibu. Kama kuna kitu kimoja nimejifunza tangu mwezi wa tano ni hiki: kano haiongei ukiwa unakimbia. Ukipata joto inanyamaza, unajiona umepona, unaongeza mwendo, na inakungoja kesho yake ukiweka mguu chini. Kwa hivyo fizio alinipa sheria, wakati wa zoezi uchungu usipite 4 kwa 10, na asubuhi inayofuata usiwe umezidi ule wa kawaida. Ikizidi, unapunguza. Isipozidi, uliyofanya jana yaliruhusiwa. Naandika kwa kidaftari cha saluni, ukurasa wa nyuma, tarehe na namba.

Leo imekuwa 2. Baada ya kwenda jikoni na kurudi, 1. Juja imepita.

Jioni nimeenda bwawa la hoteli moja hapa Thika Road, nikaingia ule upande wa kina kirefu nimevaa mkanda wa kuelea nikakimbia ndani ya maji, miguu haigusi chini. Watoto huuliza kama nazama. Ndiyo imeniweka hai miezi hii yote, mapafu hayajui kama uko kwa lami ama majini, yanafanya kazi ileile na kano haigongwi hata mara moja.

Jumanne

Kazi tu. Wateja wa nywele tangu saa moja. Nimeshukia kigoda, siku hizi nasuka nikiwa nimekaa na mteja anakaa chini kwa mto, juu kusimama masaa kumi kwa sakafu ya saruji kuliniumiza kuliko mbio. Mama mmoja mteja wangu wa miaka mingi aliona nimebandika tepu kwa kisigino akaniambia, "Dada, si uiwache hiyo mambo ya baiskeli, wewe si mtoto." Nikamwambia mama, nikiiwacha kano itabaki vile iko. Akanyamaza, nikaendelea kusuka. Sikusema kwa jeuri, ndivyo ilivyo, nilipumzika mwezi mzima wa sita bila kufanya chochote na siku ya kurudi ilikuwa vilevile.

Ngazi asubuhi, ngazi jioni.

Jumatano

Leo ni mambo ya ukuta.

Shindano letu halina ziwa wala bahari, tunaogelea kwa bwawa la shule moja upande wa Karen, bwawa la mita 25. Mita 750 hapo ni urefu wa bwawa mara 30, yaani unageuka ukutani mara 29. Mimi nilikuwa nimehesabu kuogelea kama ile sehemu salama, ile ya kupumzisha mguu. Kocha ndiye aliona. Akasimama kando ya bwawa akaniambia, "Hebu niambie, ukifika ukutani unasukuma na nini?" Nikasema na miguu yote. Akasema, "Sasa hesabu, ni kuruka mara 29 kabla hujagusa baiskeli." Na kweli, kusukuma ukuta ni kuruka, tofauti ni umelala tu.

Kwa hivyo saa nzima tumefanya kugeuka. Sibiringiki, nashika ukuta na mkono, navuta magoti, naweka wayo wa kushoto pekee ukutani, ule wa kulia unabaki umekunjwa nyuma, nasukuma na kushoto. Mwanzo unatoka upindo kama mkokoteni wa gurudumu moja, unaenda kuvamia kamba ya leni. Kocha akasema elekeza kiuno, si bega. Baada ya muda ikanyooka. Naweza kusema napoteza kama sekunde moja kila ukuta na nimekubali.

Tukaongea pia juu ya kutoka majini. Kutoka bwawa hadi kwa baiskeli ni kama mita 150, na nusu yake ni kokoto, na wewe uko miguu mitupu, kisigino hakina kitu chini yake na ndani ya viatu vyangu vya kukimbia nimezoea kuwa na kipande cha raba kinachoinua kisigino kidogo. Kocha ameniulizia kwa waandaaji kama naweza kuweka slipas kando ya bwawa, wamekubali bora zisiwe njiani.

Alhamisi

Mbio ya mwisho kabla ya shindano, Karura, nimeingilia geti la Kiambu Road. Dakika nne kukimbia, moja kutembea, narudia, mwendo wa kuongea. Imenyesha usiku kucha kwa hivyo ile njia nyekundu imekuwa laini na sehemu zingine inateleza, nimekwepa mteremko wote. Kwa mguu kama wangu udongo wa Karura ni dawa, na kila nikipita pale nawakumbuka kina Wangari Maathai waliopigwa na magenge Januari 1999 wakijaribu kupanda miti pale, juu msitu ulikuwa unagawanywa uwe nyumba. Wangeshindwa, mimi ningekuwa narudia kukimbia kwa lami na pengine nisingekuwa nakimbia kabisa. Wale tunaokimbia pale tuna deni.

Nikiwa natoka nikakutana na jamaa tunajuana kwa mbio, akaniona nikisugua kisigino akanishauri kwa moyo safi kabisa, ati kuna mahali wanadunga sindano hapo hapo kwa kano na Jumapili utakimbia hutasikia kitu. Nikamshukuru. Fizio alishanieleza hiyo ya steroidi, inaweza kutuliza uchungu kwa muda lakini ikiwekwa kwa kano au karibu nayo inaweza kuilegeza, na kano iliyolegea ukaikimbiza bila kusikia kitu ndiyo ile hukatika pah, watu hudhani wamepigwa teke na mtu nyuma. Tembe za diclofenac za kutuliza uchungu vilevile, hakunikataza kwa maisha yangu yote, alinikataza siku ya shindano, kwa sababu ule uchungu ndio unanipa namba, nikiuzima nitajuaje nimefika 4?

Ijumaa

Asubuhi 2. Mvua. Hakuna zoezi leo isipokuwa ngazi, na begi nimelipunguza.

Usiku sikuwa na usingizi nikarudia kutazama ile triathloni ya Olimpiki ya London 2012, wanaume. Alistair Brownlee alipasuka kano ya Achilles mwanzoni mwa mwaka huohuo, akakosa mbio za mwanzo wa msimu, na mwezi wa nane akashinda dhahabu pale Hyde Park, kilomita kumi za mwisho kwa dakika 29 na sekunde 7. Sijilinganishi, yeye ana madaktari wa taifa zima nyuma yake. Nilichokuwa natafuta ni mdogo wake, Jonathan, ambaye alipewa adhabu ya sekunde 15 kwa sababu alipanda baiskeli kabla ya kupita mstari wa kupandia. Akasimama akazitumikia zote kwenye mbio na bado akapata shaba. Mimi huo mstari nimeuota sasa.

Jumamosi

Tumeenda Karen kuangalia njia na kuchukua namba. Njia ya baiskeli ni mizunguko minne ya kilomita 5, ina kipandio kimoja na mzunguko wa barabara mmoja ambapo lami imemeguka upande wa kushoto. Ya kukimbia ni mizunguko miwili ya kilomita 2.5, nusu lami nusu murram, na kuna kilima cha kama mita 300 nyuma ya uwanja wa shule. Nimekitembea polepole kwenda na kurudi. Kupanda ndiko kunavuta kano zaidi, juu kisigino kinaenda chini kuliko vidole. Basi nikaamua hapo hapo, kilima hiki nitakitembea, mizunguko yote miwili, hata niwe najisikia vipi, na nikamwambia kocha ili iwe ahadi.

Mamangu alipiga simu kutoka Kakamega usiku. "Mama, huo mguu si bado?" Nikamwambia haijapona yote lakini imeruhusiwa. "Nani ameiruhusu?" Daktari wa mazoezi, mama. Akanyamaza kidogo akasema basi tuombe, akaomba, ndefu, hadi baiskeli akaiombea na tairi zake.

Chakula: wali, ndengu, viazi vitamu. Nguo nimezipanga kwa kiti. Nimelala saa tatu.

Jumapili, siku yenyewe

Saa kumi alfajiri hatua za kwanza, 1. Nikacheka peke yangu gizani.

Uji wa wimbi na ndizi mbili. Jamaa yetu alikuja na Probox, baiskeli tatu nyuma zimefungwa na kamba, tukapita Thika Road, Uhuru Highway, Lang'ata Road, dakika arobaini hivi bila jam, haya maajabu Nairobi huyaona Jumapili alfajiri pekee. Mvua ilikuwa imekatika lakini barabara ilikuwa bado inang'aa maji.

Kuogelea. Tuliingizwa kwa makundi kulingana na muda, wanne kila leni. Maji yalikuwa baridi ya kushika kifua, na Nairobi ukiwa juu hivi, karibu mita 1,800, pumzi hukuisha haraka ukianza kwa kasi. Nikaanza pole. Kijana mdogo wa shule alikuwa ameshika kadi za kutuhesabia, na kila ukuta nilikuwa najiambia kushoto, kushoto, kushoto. Katikati mtu alinigusa mguu akitaka kupita, nikasimama ukutani nikampisha kwa sababu sikutaka anisukume nikatumia mguu wa kulia. Nilipoona kadi ya mwisho sikuamini, mkono ulikuwa na nguvu bado. Nikatoka kwa ngazi, si kwa kuruka, slipas zilikuwa pale pale, nikazivaa na watu wakanipita wawili kwenye kokoto, sawa.

Kwa baiskeli unafunga helmeti kwanza kabla hujagusa kitu, hiyo ni sheria, ukishika baiskeli helmeti haijafungwa unaadhibiwa. Nikasukuma baiskeli yangu hadi mstari, nikauvuka wote, tairi ya nyuma nayo ikavuka, ndio nikapanda. Msimamizi akaniambia "Vizuri madam, twende!"

Hizo kilomita 20 sijui niseme nini, nilifurahi. Baiskeli yangu ni ya mtumba, alumini, na imeenda kama ndege. Mzunguko wa kwanza kila mtu alikuwa anaogopa maji kwa ile lami imemeguka, wa pili jua likaanza kutoka, wa tatu nikaanza kupita watu kwa kipandio nikiwa nimekaa, kisigino chini, wao wamesimama wanakanyaga kwa ncha. Mmoja alipata pancha karibu na geti, alikuwa anapiga pampu huku analia, nikamrushia tyubu yangu ya akiba bila kusimama. Nikamwona baadaye akimaliza. Uchungu 1, wakati mwingi sikuukumbuka.

Halafu kukimbia. Kila mtu anajua hizo dakika za kwanza ukitoka kwa baiskeli, mapaja hayaelewi. Nilianza na dakika nne, nikatembea moja, kama Karura. Watu kando ya njia wanapiga kelele "Usitembee dada, umebakisha kidogo!" na wanasema kwa upendo, hawajui. Kilima cha kwanza nikakitembea chote. Mzunguko wa pili, murram, nikasikia imefika 3. Ikakaa 3. Karibu na kilima tena ikagusa 4 nikapunguza hadi ikarudi.

Hapo ndipo wanawake wawili niliowapita kwa baiskeli walinifikia. Nawajua, tumekuwa tukikimbizana msimu mzima uliopita na nilikuwa na pumzi ya kwenda nao, hilo niliseme wazi, mapafu yalikuwepo, mapaja yalikuwepo. Walipita nikaona migongo yao ikienda kwa kilima na nikahisi machozi. Nikatembea. Kocha alikuwa amesimama juu ya kilima akaniuliza kwa sauti, "Unachechemea?" Nikamwambia hapana, sichechemei, ni 3. Akasema, "Basi shuka pole, kimbia huko chini." Nikashuka, nikakimbia ile mita 400 ya mwisho kwa uwanja wa nyasi mwendo mmoja bila kusimama, na nikavuka mstari saa 1 na dakika 34 tangu niingie majini. Yule kijana wa kadi alikuja akanisalimia, "Anti, niliona unasukuma na mguu mmoja, nilikuwa naambia wenzangu."

Nimekaa kwa nyasi dakika nyingi nikiwa nimeshika kisigino. Kilikuwa na joto, hakikuwa kimevimba. Wale wanawake wawili walikuja tukakumbatiana, mmoja wao naye kumbe anatoka kwa goti.

Jumatatu

Shindano langu la kweli lilikuwa leo saa kumi na mbili na nusu. Nilikaa kwa kitanda muda kabla ya kusimama. Mguu chini, 3. Nikatembea hadi jikoni, nikawasha jiko, nikarudi, 2. Nikaoga, nikashuka ngazi za ploti zote hadi chini kwa maji, 1. Imepanda kidogo na imerudi ndani ya nusu saa. Nimemtumia fizio, amejibu: "Hiyo nakubali. Leo usikimbie, ngazi jioni bila begi."

Saluni ilikuwa imejaa. Yule mama wa Jumanne alirudi kumalizia nywele za binti yake, akauliza, nikamwambia nilimaliza. Akanishika mkono tu.

Jumanne

Asubuhi 1. Mchana nilikuwa kwa fizio. Amepima shavu la mguu na utepe, la kulia bado ni jembamba kuliko la kushoto, na nikisimama kwa mguu mmoja nikipanda kwa vidole wa kulia unachoka mapema. Kwa hivyo Desemba yote hakuna shindano wala kasi. Ngazi zinaendelea ila sasa mara chache kwa wiki, mzigo mkubwa zaidi, polepole zaidi. Baiskeli niendeshe ninavyotaka. Kukimbia ni mara mbili kwa wiki, udongo, dakika zile zile, na Januari tuongeze. Umbali wa Olimpiki nimemwuliza, amesema tupime tena Aprili na hakuniahidi, na nimempendea hapo.

Ijumaa nasafiri Kakamega. Begi naenda nalo tupu, unga nitaupata huko, na mamangu ameshaniambia ngazi za kanisa ziko wazi asubuhi, ila nimalize kabla ya watu wa kwaya.